Jina Uliloipa Mashine

Senje,

Barua tulizofundishwa shuleni zilianza kwa kuuliza hali. Yako siulizi, wewe umeshatoka kwenye maumivu. Ya kwetu ndiyo haya: Nafula anaota meno manne kwa mpigo na hanipi nafasi hata ya kuchana nywele, mahindi yako ya nyuma ya nyumba tumeyavuna, na ile programu yako ya zamu ilisumbua wiki nzima, sasa iko sawa. Ni Jumapili mchana, tumetoka kanisani. Nimekalia kigoda chako, mtoto amelala kwenye leso hapa miguuni. Ukiona mwandiko umepinda ujue ni uchovu. La kusema ninalo.

Nina wivu, Senje. Ninaye tu mtu mmoja ninayemwonea, na wewe unamjua. Ni Linet.

Sikuwahi kukuambia ukiwa hai kwa sababu hapakuwa na haja. Linet alikuwa mbali, kazini Kisumu, na mimi ndiye nilikuwa hapa nawe kila siku, kiti changu kimegusana na chako. Nilijua tu kwa kusikia kwamba kabla yangu kulikuwa na mtoto wa jirani aliyekuja ofisini akiwa mwanafunzi, ukamfundisha, akaenda chuo, akapata kazi ya kuvaa kadi shingoni. Ulimtaja mara moja moja. "Linet angeiona hiyo haraka." "Linet hakuwa anasahau." Mimi niliendelea kuandika, nikimeza. Mimi ni mtoto wa ndugu yako. Yeye ni mtoto wa ng'ambo ya mto. Lakini alikuita Senje, shangazi, kama mimi.

Halafu ukafa. Na siku ya tatu, siku ya kunyoa nywele za msiba, watu wa boma wakakaa kwenye viti vya kukodi, mzee wa ukoo akasimama kuuliza yale ambayo huulizwa. Mimi nilikuwa nyuma ya jikoni nikimnyonyesha Nafula, maana alikuwa amelia mpaka sauti ikakauka. Niliporudi mbele, nilimkuta mwanao Geofrey anamkabidhi Linet kile kitabu chako cha jalada jeusi. Kile cha programu. Kile ulichokuwa unafungua ukiniambia, "Ngoja nione niliandika nini hapa." Linet alikipokea kwa mikono miwili huku analia, na kina mama wakasema pole, pole mwanangu.

Mimi nikapewa sweta na hiki kigoda.

 Ulinifundisha kutosema kitu mbele ya watu. Lakini usiku na mchana, nikifua nepi, nikisonga ugali, nilikuwa najiuliza: ni nani alikushika mkono mkipanda ngazi za hospitali kule Kakamega? Ni nani alikuwa anafungua ofisi ukiwa umelazwa? Damu ni nzito kuliko maji, wanasema. Nikawa nasema, labda Senje alikuwa na kiu.

Nisamehe. Hayo ndiyo mambo niliyokuwa nawaza.

Acha nikueleze yaliyotokea ofisini, kwa sababu hapo ndipo nimekukosea.

Chama chetu cha wakulima wa miwa kilipata kompyuta mpya. Nne. Tatu za meza zetu, yaani yangu, ya mwenzangu Jentrix na ya meneja, na moja ya kukaa kwenye kona yako ishike mafaili. Jentrix aliruka ruka kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Mimi nilitazama wakiibeba ile mashine yako ya zamani, yenye kelele ya feni kama posho mill inayosaga mahindi, wakaipeleka stoo kwenye magunia ya mbolea. Niliifunika na gunia safi. Nilijiambia ni vumbi nakinga.

Wakaleta fundi kutoka mjini. Si mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, simu yake inalia kila mara. Alinakili programu yako kutoka ile ya zamani, akaiweka kwenye ile mpya ya kona, kisha akaniambia, "Mama, wewe ndiye mwenye hii kitu, jaribu kufungua kwa meza yako." Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nikafungua. Ikakataa. Kikatokea kile kidirisha cha kukataa, na ndani yake ikaandika kwamba haikuiona njia ya kufika kwenye faili, ikaitaja ile njia yenyewe, tangu mwanzo. Na neno la kwanza la njia, kwa herufi kubwa, lilikuwa LINET.

Senje. Mwaka mmoja na nusu nimeipangusa ile mashine. Nimeiwasha asubuhi kabla ya zile zingine, kwa sababu ulisema, "Hii ndiyo mama wa nyumba. Mama akiwa bado amelala, watoto watalia njaa." Jioni nimeizima baada ya zingine zote. Mimi nilikuwa naiita Mama. Hata ulipokuwa hospitali nilikuwa nasema kimoyomoyo, Mama umeamkaje. Kumbe ina jina. Na jina ni hilo.

Na usifikiri sikuelewa. Nilielewa palepale, kwa sababu ulinifundisha wewe mwenyewe, siku umeme ulipopotea na tukakaa tunangoja: "Kompyuta zinaitana kwa majina, Metrine. Ukiibadilisha moja jina bila kuwaambia wenzake, ni kama jirani aliyehama. Watakuja wabishe hodi pale pale pa zamani na hakuna wa kuitika." Fundi alikuwa ameipa ile mpya jina lake la herufi na nambari. Programu yako ilikuwa inabisha hodi kwa Linet, na Linet hayuko. Ilitakiwa tu kuipa mashine mpya jina la ile ya zamani, na kuliacha lile folda lilivyoitwa. Kazi ya dakika chache. Mimi, Metrine wa kidato cha nne, nilikuwa najua, na fundi hakujua.

Nikabonyeza, kidirisha kikapotea.

"Imesema nini?" fundi akauliza, jicho kwenye simu.

Nikasema, "Imekataa tu."

Hayo ndiyo maneno yangu mawili. Nimeyabeba tangu Jumatatu hiyo. Sikutaka jina lake lisomwe kwa sauti mle ndani. Sikutaka meneja aseme, "Kumbe mama mzee aliipa mashine jina la yule msichana!" Sikutaka kuona Jentrix akinitazama kwa huruma. Nilitaka wapate njia nyingine yoyote ile, ili jina hilo life na ile mashine kule stoo.

Na fundi alipata njia nyingine. Alichukua orodha ya zamu akaweka nakala kwenye kila kompyuta, kila mtu afungue yake. Ikafunguka vizuri. Kile kidirisha chako cha mwanzo kikauliza kama kawaida, "Umenawa mikono?", tukabonyeza "Ndiyo" bila hata kusoma kama tunavyofanyaga, na orodha ikaja. Meneja akapiga makofi. Fundi akaanza kukunja nyaya, ingawa aliendelea kurudi kila siku wiki hiyo kuangalia mashine mpya.

Mimi nilikuwa najua hiyo ni hatari. Ulikuwa unasema, "Sufuria ni moja, vijiko ndivyo vingi." Ndiyo maana ya programu yote. Watu wa miwa huku hawana uchungu mkubwa kuliko uchungu wa zamu ya kukatiwa. Miwa ikikatwa changa haina kitu ndani, ikikaa sana inakauka ikiwa imesimama. Zamani, kabla hujaketi na lile buku nene la kompyuta ukajifundisha mwenyewe kutengeneza orodha, aliyekuwa na sauti kubwa ndiye alikuwa anakatiwa. Wewe ndiye uliwanyamazisha. Ukaweka nani alipanda lini, shamba lipi, na orodha ikawa moja, hata meneja akitaka kumsukuma rafiki yake mbele, kila mtu anaona. Sasa tulikuwa na sufuria tatu. Nikiandika kitu kwangu, meneja haoni kwake.

Nilijua, nikanyamaza.

Tena sikiliza ubaya wangu. Jumanne niliona tarehe zimegeuka. Shamba lililopandwa tarehe tatu mwezi wa nane lilikuwa linasomwa mwezi wa tatu tarehe nane. Nikakaa nikachunguza, nikaona zile za kuanzia kumi na tatu kwenda juu ziko sawa, ni za chini tu ndizo zimepinduka. Nikajua kompyuta mpya zinaanza na mwezi kabla ya siku. Hilo nilisema haraka! Nilizunguka meza zote tatu nikazinyoosha mwenyewe, na fundi akasema, "Aisee, huyu mama ni moto," na Jentrix akasema, "Mama Nafula sasa ni injinia, tutakuwa tunakuombanga ruhusa kuongea." Nikacheka. Lile lililonipa sifa nililitoa mdomoni. Lile lililompa Linet sifa nililikalia.

Siku hiyo hiyo mchana Mama Protus alikuja. Yule wa barabara ya kwenda Mayoni, mwenye mwavuli wa maua, ambaye ulikuwa unasema anaweza kubishana na kivuli chake. Alikuja kusema kwamba mashamba yake mawili yamechanganywa: lile la juu ndilo limekomaa, la chini lilikatwa msimu uliopita na sasa ni machipukizi. Nilirekebisha mbele yake. La juu likaja mbele, la chini likarudi nyuma. Nikamwonyesha kwenye skrini. Akasema, "Kama ni wewe umeandika, naenda nikilala."

Lakini niliandika kwenye sufuria yangu.

Alhamisi meneja alichapisha orodha ya wakataji kutoka kwa kompyuta yake. Wakataji wakaenda shamba la chini.

Saa nne hivi tulimsikia kabla hatujamwona. Aliingia na matope mpaka magotini, mwavuli mkono mmoja, na mkono mwingine muwa mmoja mwembamba kama fimbo ya kuchungia mbuzi. Akauweka mezani kwangu, juu ya kibodi.

"Metrine. Hebu nieleze. Hii ni miwa ama ni chakula cha ng'ombe?"

Walikuwa wamekata mistari sita. Ingekuwa zaidi, lakini alikimbia akakaa chini mtaroni mbele ya wakataji, akafungua mwavuli, akawaambia wamkate yeye kwanza ndiyo waendelee. Meneja alitoka ofisini akijaribu kusema pole mama, ni mitambo mipya. Mama Protus hata hakumgeukia.

"Fridah akiwa hapa tulikuwa tunakatiwanga kwa zamu," akasema, akikutaja wewe. "Amelala juzi tu, udongo haujakauka, na nyinyi mnanikatia watoto!"

Mnanikatia watoto. Nafula alikuwa mgongoni. Nilihisi joto lake likipita kwenye nguo.

Meneja akasema tayari amempigia Linet, kwa vile yeye ndiye ana kitabu cha marehemu, na kwamba atafika mchana. Akasema asipoweza kuitengeneza mpaka kesho Ijumaa, programu inatupwa, wataanza orodha mpya kwa kuwauliza wakulima wenyewe. Unafahamu hiyo ingekuwa nini, Senje. Kurudi kwa wenye sauti kubwa. Na kazi yako yote, macho yako uliyoyaharibia pale, iende kulala na gunia la mbolea.

Na iende kwa sababu yangu. Hata kama wasingejua, wewe ungejua.

Nikasimama. Nikamwambia fundi, "Toka hapo kidogo." Akatoka. Nikakaa kwenye kona yako, kwenye kiti chako, ambacho tangu ufe sikuwa nimekikalia. Nikafungua pale pa jina la kompyuta, nikafuta yale maherufi na manambari yake. Kisha nikaandika. L. I. N. E. T. Herufi tano, Senje, na sijawahi kuandika jina refu namna hiyo.

Ikataka kuzimwa na kuwashwa upya. Tukangoja.  Ikawaka. Nikaenda kwa meza ya Jentrix nikaondoa ile njia ya mkato ya fundi, nikafungua programu yenyewe. Umenawa mikono? Ndiyo. Na orodha ikaja, ile moja, kutoka kwenye kona.

Meneja akasema, "Ulijuaje?"

Ningeweza kusema nimekumbuka sasa hivi. Ningepewa sifa nyingine. Lakini ule muwa ulikuwa bado uko juu ya kibodi yangu unatoa maji.

Nikasema, "Iliandikwa pale Jumatatu. Niliisoma nikanyamaza. Hiyo mistari sita ya Mama Protus ni yangu, si ya mitambo."

Mama Protus akaniuliza, "Kwa nini, mama?"

Nikasema, "Kwa sababu ya jina."

Akanitazama sana. Akasema, "Jina halijakata miwa yangu." Akachukua muwa wake. Mlangoni akageuka: "Jumamosi utakuja kupalilia hayo machipukizi. Na Jumamosi ya pili. Beba jembe lako."

Meneja alisema tutaongea, na tukaongea, na bado niko kazini. Lakini barua hii si ya mambo ya meneja.

Linet alifika saa nane, kitabu chako kwenye mkoba. Mzuri, Senje, siwezi kudanganya. Viatu vyake havikuwa na vumbi hata na ile barabara yetu. Meneja akamwambia kwa kicheko kwamba mashine ilikuwa inamtafuta yeye. Linet akaja kwenye kona akasoma jina lake pale. Nilikuwa namwangalia usoni. Nilitaka kuona akifurahi, ili nimchukie vizuri.

Akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. "Huyu mama! Kwani aliiacha hivyo miaka hiyo yote? Alikuwa ananitania, Metrine. Ile mashine ilikuwa inachelewa kuamka asubuhi, na mimi nilikuwa nachelewa kuamka asubuhi. Kila siku nikiingia anasema, wewe na ndugu yako, mnataka niwapikie chai kitandani?"

Halafu kicheko kikageuka. Akafuta macho na mgongo wa mkono.

Nami? Nilidhani nitapoa. Sikupoa. Niliona wivu hata na ule utani. Hata kuchekwa na wewe nilikuwa nataka kuwe kwangu peke yangu.

Nikamwambia, kwa ukali kidogo, "Basi fungua kitabu chako ulichorithi, tuanze kuunganisha hizi orodha tatu."

Akanitazama kama hajaelewa. "Kurithi nini?" Akakifungua mezani. Na Senje, kurasa zile, kama nusu yake, si mwandiko wako. Ni mwandiko wa mviringo wa msichana wa shule. Wewe umeandika pembeni tu kwa kalamu nyekundu. Hapana. Sivyo. Tena. Vizuri.

"Ni daftari langu la mazoezi," akasema. "Nilimwachia nikienda chuo. Siku ile ya kunyoa mzee aliuliza kama kuna mtu ana kitu chake kwa marehemu ajitokeze, nikasema daftari langu. Wewe hukusikia?"

Sikusikia. Nilikuwa nyuma ya jikoni na titi nje. Nilikuta mkono unatoa na mkono unapokea, nikajaza katikati mwenyewe. Miezi mitano nimekaa na urithi ambao hakuna mtu aliurithi.

Basi tukakaa, tukaanza Alhamisi hiyo, Ijumaa tukashinda. Mmoja anasoma, mwingine anaangalia. Mstari kwa mstari, orodha tatu, kila kilichoandikwa tangu Jumatatu tukihamishe kwenye ile moja. Yeye ni mwepesi kuliko mimi na mashine. Lakini hajui watu. Akisoma jina nilimwambia, huyo ndugu yake alihamia Mautuma, huyo ana mashamba mawili kama Mama Protus, angalia vizuri. Akasema, "Hiyo haimo kwenye daftari." Nikasema haimo. Nilisema kwa upole, nadhani. Uchovu ulikuwa umekula ukali.

Sasa hili ndilo lililonifanya nikuandikie.

Ijumaa asubuhi Linet ndiye alikaa wa kwanza kwa meza ya Jentrix. Akafungua programu. Akasimama. "Hii ni nini?"

Nikaangalia. Umenawa mikono?

"Bonyeza Ndiyo," nikasema. "Iko hapo siku zote."

"Haikuwepo. Wakati wangu ilikuwa inafunguka moja kwa moja. Umenawa mikono? Nani aliuliza hivyo?"

Nikamwambia sijui, nimeikuta. Na Jentrix, ambaye alikuwa anakoroga chai, akacheka mpaka kijiko kikaanguka. "Ati umeikuta! Metrine, hiyo ni ya kwako! Hukumbuki ulivyokuja hapa na tumbo, unakulanga mahindi ya kuchemsha juu ya kibodi, chumvi imejaa mpaka herufi A ikakwama? Mama mzee wetu aliitengeneza wiki hiyo hiyo. Alituambia, huyu nikimwambia kila siku atalia, wacha kompyuta imwambie. Sisi wote tunanawishwa hapa kwa sababu yako."

Nilikumbuka mahindi. Nilikumbuka ukinigusa bega na kuniuliza, umenawa mikono? mara ya kwanza, na machozi yakanitoka, maana siku hizo nililia hata kwa salamu. Hukuuliza tena. Sikujua uliihamishia wapi.

Nikamtazama Linet. Alikuwa ametulia, anasoma maneno mawili yale. Na uso wake, Senje, nilikuwa naujua. Mdomo umebanwa, jicho limeenda mbali. Nimeuvaa uso huo miezi mitano. Alikuwa ananionea wivu.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Ilikuwa furaha ndogo na mbaya, kama kulamba sukari ya wageni. Kisha akainuka, akaenda nje kwenye bomba, nikasikia maji. Akarudi mikono inadondosha, akaipangusa kwa sketi yake nzuri, akakaa. Ndipo akabonyeza Ndiyo.

Furaha yangu ikaisha hapo. Mimi mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikikujibu Ndiyo, na mikono yangu sijanawa.

Jana nilienda kupalilia. Nafula mgongoni, jembe begani. Mama Protus hakunionea huruma, alinipa mistari yenye magugu zaidi, na saa sita akaniletea obusuma, ugali wetu, na mboga, akasimama akiniangalia mpaka nikamaliza. Machipukizi mengine yatainuka tena. Mengine hapana. Nimemwambia, na amesema anajua.

Sasa mtoto anajigeuza, ataamka. Nikuage.

Wivu haujaisha, sitakudanganya. Linet amerudi Kisumu na daftari lake, na nikifikiria kalamu yako nyekundu kwenye kurasa zile, bado kitu kinanibana. Lakini jina sitalibadilisha. Nimeliandika kwenye karatasi kwa kalamu nene, nikabandika ukutani juu ya kona yako, ili siku nyingine mtu yeyote, hata mwenye kijicho kuliko mimi, asiweze kulificha. Kesho asubuhi nitaiwasha ile kabla ya zote. Itachelewa kuamka kidogo, hata kama ni mpya, nami nitaiambia, Linet, wewe na ndugu yako.

Lala, Senje. Orodha ni moja, na zamu ya Mama Protus ya shamba la juu ni wiki hii.

Na kile unachoniuliza kila asubuhi, nimekisikia sasa. Bomba liko nje, hatua chache tu. Nitakuwa naanzia huko.

Mtoto wa ndugu yako,
Metrine